Namna ya kufuatilia asili ya jina la ukoo mnaloitwa wengi

Kabla ya kumtafuta babu wa kwanza, jueni jina lenyewe ni la aina gani. Kazi nyingi huharibikia hapo, kwa sababu majina ya mwisho ya Tanzania na pwani ya Kenya yana njia mbalimbali za kuzaliwa, na kila njia ina watu wake wa kuulizwa na karatasi zake za kutafuta.

La kwanza ni jina la babu. Juma Ali Hamisi anaitwa Hamisi kwa kuwa baba wa baba yake alikuwa Hamisi. Mwanawe akiandikishwa shule anakuwa Salum Juma Ali, na Hamisi limeshatoka. Akina Hamisi wa Tanga na wa Kigoma hawadaiani undugu wowote kwa jina hilo. Lakini familia nyingi zimeligandisha jina la mzee mmoja, mara nyingi yule aliyeanza kusoma au kuajiriwa, na wajukuu na vitukuu wote wakaendelea nalo. Kama lenu ni hili, mwanzo wake ni mtu mmoja wa vizazi vitatu au vinne nyuma, na maswali ni machache: alikuwa nani, kazikwa wapi, baba yake aliitwaje.

La pili ni jina la ukoo hasa, kama Mushi, Lyimo, Massawe au Swai kule Kilimanjaro. Hapa jina linarithiwa kwa ujumla wake, na ukoo mmoja unaweza kuwa na matawi yaliyohamia mitaa mbalimbali zamani sana. Usiulize jina tu. Uliza kihamba cha kwanza, yaani shamba la migomba la ukoo, kiko wapi na ni mababu gani waliozikwa hapo.

La tatu ni nisba: Mazrui, Barwani, Kindi, Baalawi na nyinginezo, zinazotaja kabila, mji au nasaba ya Oman au Hadhramaut (Yemen). Nisba inahitaji uangalifu mkubwa. Watumwa walioachwa huru, na watu waliokaa chini ya ulinzi wa ukoo mkubwa, nao waliweza kuichukua. Biashara ya watumwa ilipigwa marufuku Zanzibar mwaka 1873, utumwa wenyewe ukafutwa huko 1897, pwani ya Kenya 1907 na Tanganyika 1922. Ikiwa mlolongo wenu unakatika ghafla kwenye miaka hiyo, tafuteni pia upande wa bara, hata kama nisba inaelekeza Oman. Mzee anayekwepa swali hili msimkabili mbele ya watu. Rudini mkae naye peke yake.

Kuna pia jina la ubatizo lililogeuka la familia: Petro, Yohana, Fransis. Hili peke yake halithibitishi undugu. Na kwa Wamakua, Wayao, Wamakonde na Waluguru kumbukeni kwamba ukoo wa asili hufuata mama, hali jina la kwenye cheti limetoka kwa baba. Ukilifuata jina la cheti utafika kwa watu wa baba, na ukoo wako utakuwa umeuacha kwa bibi mzaa mama.

Mkishajua aina, anza na wewe mwenyewe uende nyuma bila kuruka mtu. Tumia daftari lenye ukurasa mmoja kwa kila mtu, na namba hizi: wewe ni 1, baba 2, mama 3, babu mzaa baba 4, bibi mzaa baba 5. Namba ya baba wa mtu yeyote ni namba yake mara mbili. Ya mama ni hiyo hiyo ukiongeza moja. Kwa hiyo mstari wa kiume ni 2, 4, 8, 16, 32. Kila ukurasa uandike majina yote aliyoitwa, lile la utotoni na la utani yakiwemo, mahali alipozaliwa, alipozikwa, wake zake na kwao, na nani amekwambia, tarehe gani. Hicho cha mwisho ndicho watu husahau, na miaka mitano baadaye hawajui tena habari ilitoka kwa nani.

Wazee waulizwe mmoja mmoja. Wakikaa pamoja, mdogo humwachia mkubwa aseme, na unabaki na simulizi moja lenye vichwa vitano vinavyotikisika. Usianze na "asili yetu wapi?" maana utapewa hadithi ya safari ya ukoo mzima. Uliza nani alirithi shamba, nani alisimamia matanga, nani alitoa mahari ya nani, mtani gani aliyeitwa msibani. Majibu ya maswali hayo hutaja watu halisi.

Kosa la kawaida kabisa ni kuunganisha watu wawili kuwa mmoja. Mjukuu hupewa jina la babu, hivyo kwenye mlolongo kama Ali bin Salim bin Ali bin Salim ni rahisi kuruka vizazi viwili. Dawa yake ni kumtambua kila Ali kwa mkewe na kaburi lake. Kwa miaka, kadiria 30 kwa kizazi cha upande wa baba, ila kwenye ndoa za wake wengi mtoto wa mwisho anaweza kuwa rika la mjukuu. Tumia matukio: babu aliyekuwa kijana wa kuoa wakati Mangi Meli, mtawala wa Moshi, aliponyongwa na Wajerumani anakupeleka Machi 1900; Majimaji ni 1905 hadi 1907; sotoka kubwa ya ng'ombe ni miaka ya 1890.

Sasa karatasi. Kwa Waislamu wa pwani hakuna waraka unaolizidi jalada la mirathi. Mtu akifa akaacha mke na mabinti wawili bila mtoto wa kiume, mke hupata 1/8, mabinti 2/3, na 5/24 inayobaki huenda kwa asaba, yaani jamaa wa upande wa baba. Akiwa hana wazazi wala ndugu walio hai, anayedai sehemu hiyo anaweza kuwa binamu, na binamu lazima athibitishe babu wanayekutana naye. Hapo unasoma nasaba iliyotolewa ushahidi mahakamani. Tafuta kwa jina la marehemu asiye na mtoto wa kiume. Hao ndio wenye majalada tajiri. Nyaraka za zamani za Zanzibar, pamoja na hati za mashamba na wakfu, ziko hifadhi ya Kilimani. Kwa Mombasa, Malindi na Lamu angalia pia madai ya ardhi yaliyofuata sheria ya hatimiliki ya 1908.

Kwa Wakatoliki, chukua namba ya LB (kitabu cha wabatizwa) kwenye cheti cha ubatizo uende parokia iliyobatiza. Parokia mpya haina vitabu vya zamani. Uliza parokia mama. Bagamoyo ilianza 1868, Karema 1885, Peramiho 1898. Vitabu vya mwanzo vimeandikwa Kilatini: natus ni amezaliwa, filius ni mwana wa, patrinus ni msimamizi, adultus ni aliyebatizwa akiwa mtu mzima. Soma na pembezoni, ambako padre aliandika ndoa na parokia ilikofungwa. Usikomee kwenye jina la baba. Msimamizi mara nyingi ni jirani au jamaa, na jina lake hukutambulisha ni mtaa gani.

Unapotafuta jina, libadilishe kwa mkono wa aliyeandika. Mjerumani aliandika Moschi, Kiboscho na Madschame, kwa hiyo Mushi mtafute pia kwenye Muschi. Mmisionari Mfaransa aliweka "ou" badala ya "u". Kwenye herufi za Kiarabu e na i hazitofautishwi, wala o na u, na p, g na ch huazima herufi nyingine. Nyaraka za Wajerumani na Waingereza za Tanganyika ziko Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam. Za Kenya ziko Moi Avenue, Nairobi. Ukienda bila wilaya na miaka ya kukisia utarudi mikono mitupu, kwa sababu majalada yamepangwa kwa ofisi, si kwa majina ya watu.

Vinasaba viwe vya mwisho. Kinachofaa kwa jina la upande wa baba ni kipimo cha kromosomu Y, ambayo mwana huipata kwa baba yake tu, na wapimwe wanaume wawili kutoka matawi yaliyo mbali kabisa. Kwa Tanzania kuna sheria ya vinasaba vya binadamu ya 2009 inayosimamia kuchukua na kusafirisha sampuli. Ulizia kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kwanza. Majibu yakitofautiana, huenda mmoja katokana na mtoto aliyelelewa ujombani, au mjane aliyekuja na mwana, au nisba ya kupewa. Kubalianeni kabla ya kupima nani ataambiwa, na kwamba haki ya mtu kwenye shamba na makaburi haitaguswa na karatasi ya maabara.