Somo: Kupunguza protini kwa mwenye figo dhaifu, bila kushinda njaa

Mtu akiambiwa "punguza protini" huacha nyama siku hiyo hiyo, wiki ya pili anashindia chai. Hiyo ni njaa tu.

Hatua ya 1. Hakikisha somo linakuhusu: ugonjwa sugu wa figo uliofika daraja la 3 hadi la 5 (daktari hukuambia uko la ngapi), na hujaanza dayalisisi, yaani kusafishwa damu kwa mashine au kupitia tumbo.

Hatua ya 2. Zidisha uzito wako kwa 0.8. Mwenye kilo 60 anapata gramu 48 za protini kwa siku. Kama miguu imevimba, usihesabu maji hayo. Muulize daktari uzito wako halisi. Wapo wanaoshushwa hadi 0.6, ila si jambo la kujiamulia.

Hatua ya 3. Hapa ndipo wengi huanguka. Gramu 48 za protini si gramu 48 za nyama! Nyama iliyopikwa ya gramu 30 ina protini kama gramu 7, yai 6, nusu kikombe cha maharage yaliyoiva 7. Yai asubuhi, maharage mchana, nyama gramu 60 usiku: umefika 27. Zilizobaki zitamezwa na wali, mkate na mboga, maana navyo vina protini. Wiki ya kwanza tumia mizani, macho hudanganya.

Hatua ya 4. Pengo la nguvu lililoachwa na protini uliyopunguza lijaze kwa wanga na mafuta ya kupikia; mwenye kisukari apangiwe kiasi. Mwili ukikosa nguvu hula misuli yake, na misuli ikivunjwa hutoa yurea, taka ya protini inayozielemea figo, ile ile uliyokuwa unaikimbia.

Hatua ya 5. Jipime uzito kila wiki. Ukikonda, rudi kliniki.

Nisiwadanganye: ukiacha presha ipande na chumvi imwagike, hesabu hizi zitakusaidia kidogo sana.

Maswali

*Mkuu, mama ameanza kusafishwa damu. Aendelee hivi?*
Hapana. Dayalisisi huondoka na protini, hivyo sasa anahitaji gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kilo. Mrudishie yai lake.

*Maharage si yana potasiamu?*
Yanayo, na figo dhaifu hushindwa kuyatoa madini hayo. Angalia majibu ya damu kwanza. Kama potasiamu haijapanda, kula kwa kipimo. Fosforasi yake, madini mengine ya kuangalia kwa mwenye figo dhaifu, hufyonzwa kidogo kuliko ya nyama.

*Mwanangu ana miaka 9, nimpunguzie?*
Usithubutu, ndugu yangu. Bado anakua, mpeleke kwa mtaalamu wa lishe ya watoto.