Kabla mzee hajalazwa: mambo ya kuzingatia mapema

Familia nyingi huanza kuulizia msaada siku mzee amekwishalazwa, namba yake ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa) haionekani na hakuna anayejua alikuwa akinywa dawa gani. Kwa Tanzania, msaada mwingi wa wazee unapatikana kwa karatasi, na karatasi zinafuatiliwa kirahisi wakati mwenyewe bado anatembea na kujieleza.

Kwanza umri. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, lakini wengi wao hawana cheti cha kuzaliwa, na mwaka ulio kwenye kitambulisho kimoja haulingani na wa kingine. Rekebisheni hilo sasa.

Mzee asiyejiweza anastahili matibabu bila malipo katika vituo vya umma. Anzeni kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji, kisha mtendaji, hadi kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Hospitali nyingi zina dirisha la wazee. Ulizeni lilipo kabla ya siku ya dharura. Msamaha, hata hivyo, hauhakikishi kwamba dawa zipo. Wekeni akiba ya dawa za presha na sukari, maana hizo hazisubiri mwisho wa mwezi.

Kama kaya ni maskini, fuatilieni utambuzi wa TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, kwani majina hupitishwa kwenye mkutano wa kijiji na asiyekuwapo husahaulika. Mstaafu naye asipofanya uhakiki kwenye mfuko wake, kuthibitisha kwamba yu hai, pensheni inaweza kusimama. Zanzibar kuna Pensheni Jamii tangu Aprili 2016 kwa waliofikia miaka 70, hata kama hawakuwahi kuajiriwa.

Suala zito zaidi ni nani atamlea. Mara nyingi mzigo humwangukia binti ambaye hajaolewa, au mkwe aliyebaki kijijini, huku wengine wakituma hela ya sabuni na kujiona wametimiza wajibu. Hiyo si haki. Kaeni kikao mtaje majina: nani analala naye, nani anampeleka kliniki, nani analipa nini, na mlezi anapumzika lini. Muulizeni na mzee mwenyewe. Mama wengi hawakubali kuogeshwa na mtoto wa kiume, na wengine huona aibu hata kwa mkwe. Bora aliseme mapema kuliko kukataa kuoga wiki nzima.

Nyumbani, tazameni choo kwanza. Kuchuchumaa kwenye choo cha shimo usiku, bila taa wala cha kushika, ndiko kunakovunja nyonga. Fundi anaweza kufunga bomba la kushikia ukutani na kutengeneza kiti chenye tundu kwa gharama ndogo. Akishindwa kuinuka kitandani, ageuzwe kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya mgongo.

Akianza kupotea njia au kumtuhumu kila mtu wizi, mpelekeni hospitali. Huenda ni ugonjwa wa ubongo, si uchawi. Kuna bibi wameuawa kwa kuitwa wachawi, kwa hiyo waelezeni majirani mapema.

Msiyategemee makazi ya serikali kama Nunge, Kigamboni, au Kolandoto, Shinyanga: yamewekwa kwa ajili ya wazee wasio na ndugu wa kuwatunza.

Kuhusu shamba na nyumba, aandike wosia akiwa na akili timamu, mbele ya mashahidi. RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, wanapokea na kuhifadhi wosia.