Somo: Shimizi na gagulo la binti, tushone wenyewe

Habari za leo wapendwa, kama nilivyoahidi leo ni somo la shimizi (nguo nyepesi inayovaliwa chini ya gauni) na gagulo (sketi ya ndani ya kupanua gauni). Wengi mmeniuliza kuhusu gauni za watoto za kupanuka, zile za Jumapili na za komunio, mtoto anavaa dakika kumi anaanza kulia anajikuna. Tatizo siyo gauni, tatizo ni kilichopo ndani. Fundi anaweka neti inagusa ngozi, halafu lastiki kiunoni inakaza. Mtoto wa miaka sita kiuno hana, tumbo ndo liko mbele, kwahiyo gagulo la lastiki ama linamminya ama linashuka. Mi nasema nguo ya ndani ya mtoto ining'inie mabegani na ngozi iguswe na pamba tu. Na huku kwetu Dodoma upepo ukivuma gauni linapaa lote, shimizi siyo urembo jamani.

KITAMBAA. Popilini ya pamba, au shuka ya mitumba iliyolainika, hiyo ndo tamu kabisa. Zungukia Sabasaba kwenye mitumba au maduka ya vitambaa kule Majengo. Muuzaji atakwambia pamba tupu, we chomoa uzi uuchome na kiberiti: pamba inaungua kama karatasi na jivu lake linasagika, ukiona imeyeyuka ikafanya kadonge kagumu hiyo ni poliesta. Poliesta ina joto, na kiangazi hewa ikikauka inanata miguuni. Ukishanunua loweka, fua, anika ndo ukate, pamba inarudi, yaani inapungua ikifuliwa.

VIPIMO. Pima kifua, bega hadi kiunoni, halafu chukua gauni lenyewe upime kiuno hadi pindo. Tuseme kifua inchi 24 na gauni chini ya kiuno ni inchi 20.

KUKATA. Kifua ongeza 3 za kupumua, inakuwa 27, kwahiyo mbele na nyuma kila kipande 14 na nusu ukiweka nusu inchi ya mshono kila upande. Shingo ichimbe kuliko ya gauni isije ikachungulia. Sketi kata kipande kimoja upana inchi 60, urefu 22 na nusu. Mbona urefu mwingi hivyo? Shimizi inatakiwa iishie inchi moja na nusu juu ya pindo la gauni, yaani 18 na nusu, halafu nusu ya mshono, moja na nusu ya upindo, na inchi 2 za akiba.

Hiyo akiba ndo siri ya bibi zetu. Juu ya upindo unakunja mikunjo miwili ya kuzunguka, kila mmoja nusu inchi (ukikunjwa unakula inchi nzima ya kitambaa), unaipiga mshono mrefu. Inapendeza kama urembo, na mtoto akirefuka unafumua mmoja, nguo inashuka inchi nzima. Shimizi moja inakula miaka miwili mitatu hivi.

KUSHONA. Mishono ya ubavuni ficha: shona kwanza upande mzuri ukiwa nje, punguza kingo, geuza, shona tena ili nyuzi zifungiwe ndani. Ovaloki, ule mshono wa mashine wa kuzungushia kingo, inakwaruza ngozi laini. Finya sketi, yaani ivute kwa uzi ifanye mikunjo midogo, mpaka ienee kwenye 27 ya kipande cha juu, unganisha. Mikononi na shingoni zungushia bayasi (utepe uliokatwa mshazari) ya pamba, mabegani weka vifungo ili ivalike bila kulazimisha kichwa.

Ukitaka gauni lisimame, neti laini tabaka mbili ishone JUU ya sketi ya pamba, kwa nje, kuanzia usawa wa nyonga. Isizidi pindo la pamba. Na mtoto aliyevaa neti asisogee jikoni kwenye mkaa, inashika moto upesi.

Kaptula ya ndani ni rahisi, fuatisha bukta yake, iwe pana kidogo, lastiki ya upana wa nusu inchi, urefu wake upungue inchi moja tu kuliko kiuno.

MASWALI

Mama wa Nkuhungu: Dada sina cherehani, mkono unafaa?
Unafaa mamii, shona kwa kurudi nyuma kila hatua, uzi mmoja usiwe mrefu utajifunga. Kufinya kwa mkono ndo kunatoka vizuri zaidi.

Swali toka Mpwapwa: Gauni la komunio jeupe na jepesi, shimizi nyeupe inaonekana, nifanyeje?
Nyeupe chini ya nyeupe lazima ionekane kwenye ngozi yetu. Tafuta rangi inayokaribia ngozi ya binti, kahawia ya maziwa hivi, itapotea kabisa. Neti ibaki nyeupe.

Shangazi wa Kondoa: Mimi nina gagulo la dukani tayari, nitupe?
Usitupe shangazi yangu. Ng'oa lastiki, lishonee kwenye kibodi cha pamba, yaani kile kipande cha juu cha kifuani nilichoeleza, na ndani weka sketi ya pamba. Hata fulana yake ya zamani inatosha kuwa kibodi.

Mama mapacha: Neti ikifuliwa inalala, nipige pasi?
Hapana itayeyuka. Fua kwa mkono, usikamue, ning'iniza kichwa chini kivulini. Pamba ndo uichovye kwenye uji mwembamba wa muhogo uliochujwa, ikikaribia kukauka piga pasi, hiyo inasimamisha gauni hata bila neti.