Mgonjwa wa stroki karudi nyumbani lakini asahau sahau: namna ya kumsaidia

Hapa Amu watu stroki waiona ni mkono na mguu tu, mzee akishatembea basi kapona, na huku hata kikombe cha chai hawezi kukitengeneza mpaka mwisho. Akili nayo yataka mazoezi na mengi mtayafanya nyinyi wa nyumbani.

Kwanza acheni mitihani. Kila mgeni akija kumtazama, "wanijua mimi nani?" Jamani tafadhali! Akikisia vibaya lile kosa ndio humkaa kichwani, alafu aona haya. Mwambie mapema, "mimi nduguyo wa Shela", muulize baada ya nusu dakika, akipata ngoja dakika moja, kisha mbili, kisha nne, akikosa mpe jibu hapohapo na urudi kwa ule muda aliopatia. Fanyeni hivo kwa jambo lenye faida, kama dawa ya presha yawekwa wapi. Na saa za dawa zikielekeana na adhana zifungeni nayo, yeye mwenyewe ameizoea maisha yake yote.

Kama stroki ilipiga ubongo upande wa kulia, angalia sahani yake. Wengine hula nusu ya kulia tu, ya kushoto ni kama haipo, na si macho wala si ujeuri. Bandika tepu nyekundu ukingo wa kushoto wa sinia, mfunze kila mara aanze kutafuta ile nyekundu ndio arudi kulia. Vichochoroni tembea kushoto kwake, punda wa mizigo akija upande huo hatamuona.

Bao ni zuri, kuhesabu kete na kungoja zamu kwataka utulivu, lakini bao humfunza bao, halimfunzi kuzima jiko. Akitaka kurudi kupika chai afanye mazoezi ya chai yenyewe, hatua ziandikwe ukutani, siku za mwanzo wewe ufanye zote yeye amalizie kumimina tu, kisha umwachie mbili za mwisho, hivo hivo mkirudi nyuma, na usimwache na moto peke yake.

Dakika kumi au kumi na tano zatosha, asubuhi, tivii ikiwa imezimwa. Uchovu wa stroki si uvivu, mwacheni alale. Miezi mitatu ya mwanzo ndio mabadiliko huja kwa kasi lakini baada ya hapo pia mtu hujifunza, msimkatie tamaa. Akiwa mnyonge kila siku au alia lia mwambieni daktari, huzuni pia yazuia kumbukumbu, na muulizie mtu wa OT, yule mtaalamu wa kumfunza mgonjwa tena kazi zake za kila siku.

Mdomo ukienda upande ghafla, mkono ukilegea au maneno yakikorogeka, msingoje kupambazuke, mpelekeni hospitali ya King Fahd saa hiyohiyo.