Kupiga picha za kayaki usiku: ninavyofanya kwenye mikondo ya Sagana

Picha yangu ya kwanza ya usiku pale Mto Sagana, Kenya, ilionekana kama mtu amenyonyoa kuku mbele ya lenzi. Vidoadoa vyeupe tupu, na nyuma yake kivuli cha mtu ameshika kasia. Flashi ilikuwa juu ya kamera, nami nimesimama chini ya poromoko, namwelekezea mpiga kasia moja kwa moja. Alipofika kwenye maji tulivu alinisogelea akaniambia, "Bosi, hiyo taa yako imenifunga macho. Nusu ya mkondo nimeshuka kwa kukumbuka tu." Tangu siku hiyo, kabla sijagusa kamera najiuliza kwanza anayeshuka atakuwa anaangalia wapi.

Hatua ya 1: Fika mchana

Sagana ni kama kilomita 100 kutoka Nairobi, kwa hiyo hakuna sababu ya kufika jioni ukikimbizana na jua. Hapa karibu na ikweta machweo hayamsubiri mtu: jua linazama karibu saa kumi na mbili na nusu, na saa moja ikipita kidogo ni giza totoro.

Chagua poromoko moja tu, na liwe lenye maji tulivu chini yake. Waangalie wakilishuka mara tatu nne. Utaona kwamba karibu wote wanapita njia moja na kuchomoza kwenye povu mahali pamoja. Hapo ndipo utakapopiga. Sharti langu ni hili: asiyeshuka mkondo huo mchana wa siku hiyo hiyo, usiku haushuki, hata awe bingwa.

Kisha chomeka kijiti ukingoni, kiganja kimoja juu ya maji. Mto huu unateremka kutoka Mlima Kenya na Aberdare. Mvua inaweza kunyesha huko juu wewe hapa unahesabu nyota, na maji yakapanda kimyakimya. Yakikifikia kijiti, tunafunga kazi. Nimewahi kufunga saa mbili usiku bila hata picha moja ya maana.

Hatua ya 2: Weka taa mahali asipoangalia

Mpiga kasia anaangalia mbele, kule maji yanakokwenda. Kwa hiyo flashi kubwa naiweka ng'ambo, juu kidogo ya poromoko, imwangaze kutoka nyuma na ubavuni. Hapo napata mambo mawili kwa mpigo: macho yake yanabaki salama, na maji yanawaka. Tone likipigwa mwanga kutoka nyuma hung'aa kama kioo. Likipigwa kutoka mbele, ndiyo yale manyoya ya kuku.

Flashi ya pili, yenye nguvu ndogo, iko upande wangu, sawa na ubavu wa kayaki, juu ya stendi. Kazi yake ni shavu na mkono tu. Stendi ifunge kwenye mti au iwekee mawe. Ile ya ng'ambo ivushwe na wapiga kasia kungali mchana, na uifiche nyuma ya jiwe ili isichungulie kwenye picha. Usijaribu kuvuka mwenyewe kwa miguu.

Kukinga flashi na rasharasha, kofia ya plastiki ya kuogea, zile za hotelini, inatosha. Ivishe kichwa cha flashi, funga na mpira. Triga, kile kifaa kinachoiwasha flashi kutoka mbali, iwe juu, isilale kwenye jiwe lililolowa.

Hatua ya 3: Mipangilio

Hapa ndipo wengi wanapotea, kwa sababu wanadhani kasi ya shata, yaani pazia la kamera, ndiyo inayogandisha maji. Usiku ni flashi. Weka kamera kwenye M, unapopanga kila kitu mwenyewe: shata 1/200 ya sekunde, tundu la lenzi f/4, na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 1600. Zima flashi, piga. Picha ikiwa nyeusi kabisa, uko sawa, maana sasa kila kitakachoonekana kitatokana na flashi peke yake.

Nguvu ya flashi iwe 1/16, si kamili. Flashi nyingi za mkononi zikipewa nguvu zote, mwanga hudumu karibu 1/300 ya sekunde. Maji yakiruka mita 5 kwa sekunde, tone linasogea sentimita 1.7 kabla mwanga haujazimika, na unapata mchirizi badala ya tone. Ukishusha hadi 1/16 mwanga unakuwa mfupi mno. Ukifika 1/5000, tone lile lile limesogea milimita moja tu.

Je, mwanga utafika? Chukua flashi ambayo namba yake ya nguvu (umbali wa mwanga kwa mita mara namba ya f) ni 60 kwa ISO 100. Kutoka 100 hadi 1600 umepanda ngazi nne, kila ngazi ikiwa ni mara mbili. Kutoka nguvu kamili hadi 1/16 umeshuka ngazi nne. Zinafutana. Gawanya 60 kwa f/4: mita 15. Ila namba hiyo kwa kawaida ni ya zumu ya flashi ikiwa milimita 200, mwanga ukiwa umebanwa, na ukifungua zumu ili mwanga utambae, inapungua. Mimi naweka flashi mita 8 hadi 10 na silalamiki.

Hatua ya 4: Fokasi

Fokasi ya kujiendesha gizani itakutia wazimu. Mtu amulike tochi jiwe lililo sawa na pale wanapochomoza, fokasi hapo, hamia kwenye manyuali (fokasi ya mkono), bandika utepe kwenye pete ya lenzi. Baada ya hapo usiiguse.

Hatua ya 5: Ishara

Nimevaa jaketi la kuelea na helmeti hata nikiwa ukingoni, maana mawe yale yana utelezi wa sabuni. Chini ya poromoko kuna mmoja ndani ya kayaki na mwingine ukingoni na kamba ya kurusha. Filimbi moja kutoka kwangu: niko tayari. Mbili kutoka juu: nashuka. Tatu kutoka kwa yeyote: simama. Hakuna flashi ya majaribio mtu akiwa mkondoni, na tochi za watazamaji zote zinatazama chini. Macho yaliyozoea giza yakipigwa mwanga mkali huchukua hata dakika 20 na zaidi kurudi sawasawa.

Hatua ya 6: Piga

Usisubiri umwone vizuri, utachelewa. Sikiliza. Kayaki ikigonga maji chini ya poromoko inatoa mlio mzito, na baada ya huo uso unachomoza. Hapo ndipo ninapobonyeza. Kwa nguvu ya 1/16 flashi inajaa upesi, kwa hiyo picha tatu za haraka zinawezekana, ingawa kwangu ya kwanza ndiyo huwa nzuri.

Kila baada ya watu wawili, wape kamera waangalie. Kila mmoja anavuta picha karibu kutazama kama alifumba macho. Nami natazama hapo hapo: akiwa amekunja uso kuelekea taa, naisogeza flashi nyuma mita moja kabla hajapanda tena juu.