Kabla ya kumpa wakala pesa ya karafuu
Mie ni mkaazi wa Wete. Mdogo wangu alipopata kazi ya kiwanda Malaysia, tuliuza karafuu za msimu mzima tumlipe wakala aliyemtafutia kazi, na bado hazikutosha, tukakopa. Akafika kule ana deni, na mshahara wa miezi saba ukaishia humo na kwenye makato. Roho inaniuma hadi leo.

Wakala akikutajia pesa, muulize ni ya nini. Shirika la Kazi Duniani lilifafanua mwaka 2019 kwamba mfanyakazi hatakiwi kutozwa ada ya kutafutiwa kazi, wala gharama zinazoambatana nayo: kupimwa afya, viza, mafunzo, nauli, hata bima. Wajanja hawaiti ada. Watasema pesa ya fomu, ya usumbufu, ama "tutakukata kidogo kidogo kwenye mshahara". Hayo makato ndiyo yaliyotumaliza sisi.

Kama umeshalipa, andika tarehe, kiasi na jina la aliyepokea, na ujumbe wa simu usiufute. Mwaka 2020 Top Glove, watengenezaji glavu wa Malaysia, walianza kuwarudishia wafanyakazi wahamiaji ada walizotozwa kupata kazi. Kwa hiyo pesa inaweza kurudi, ila ushahidi uwepo.

Mkataba usomewe kwa Kiswahili kabla ya kutia saini. Nakala yake na ya pasipoti muachie mama nyumbani. Pasipoti yenyewe kaa nayo mwenyewe, hata bosi akisema anakuhifadhia.