Stelingi ikivuja oili, osha kwanza ndipo utafute

Gari lako la zamani la spoti likiacha doa chini, usikimbilie kununua pampu ya stelingi. Oili hutiririka, na gari likitembea upepo huisukuma nyuma, kwa hiyo inapodondokea sipo inapovujia. Safisha pampu, mipira ya kupitishia oili na raki (mtambo unaogeuza magurudumu ya mbele), kausha vizuri, jaza oili ya stelingi hadi kwenye alama. Washa injini, mwenzako azungushe usukani kushoto na kulia huku wewe ukimulika tochi kuanzia juu kwenda chini. Mikono iwe mbali na mkanda na feni! Asiushikilie usukani mwisho kabisa kwa zaidi ya sekunde chache, maana presha hupanda mno na pampu huumia.

Mara nyingi nimekuta ni mpira wa kurudisha oili tu, umekauka na kupasuka pale unapobanwa na klipu. Nyuma ya puli ya pampu (gurudumu linalozungushwa na mkanda) pakiloa, sili ya shafti ya pampu, yaani kizuizi cha oili, imechoka. Ukishazima injini, legeza klipu ya buti ya raki (kifuko cha mpira kwenye ncha yake) na uiminye buti hiyo: ikimwaga oili, sili ya ndani ya raki imekufa.